Baba Ameondoka

Jumanne, 18 Julai 2006

Mvua tangu alfajiri. Siku ya pili ya Karkidakam, mwezi wetu wa mvua, unaosomba wazee. Hapa Kochi chaneli zote zinashindania vifo. Mimi ndiye ninayeandika maneno yanayopita chini ya skrini.

Mhariri wangu, Dineshan, alisikia Velayudhan, mwigizaji wa jukwaani, yu mahututi. Piga kwake, akasema, wenzetu wasitutangulie. Akapokea mkamwana wake, Girija. Nikamuuliza hali ya mzee.

"Baba ameondoka," akasema. Laini ikakatika.

Ameondoka. Basi. Kwetu hata anayekwenda kununua kiberiti husema "naenda nirudi". Kuondoka kusikotaja kurudi ni kwa maiti. Nikaandika: Velayudhan afariki dunia.

Baadaye Girija mwenyewe akapiga, anafoka. "Dada, una wazimu? Baba kaenda kunyolewa. Majirani wamejaa uani na mashada."

Nimeufuta mstari.

Jumatano, 19 Julai

Manyunyu. Mzee mwenyewe kapiga! Nilisimama kama niko mbele ya mwalimu mkuu.

"Wewe ndiye uliyeniua? Kinyozi kaona televisheni, kakimbia, kaniacha na nusu ya ndevu." Akacheka hadi kikohozi kikamshika — kirefu, cha kutisha. "Na ile picha mliyoionyesha ni mbaya. Siku yenyewe ikifika wekeni ile niliyovaa taji."

Nikamwomba radhi. Haya mwanangu, akasema, naenda. Nikasubiri neno la pili. Alikuwa ameshakata.

Dineshan: "Ukikosea tena, mlango unaujua."

Alhamisi, 20 Julai

Mvua kubwa. Jioni akapiga Girija, sauti ndogo.

"Dada, baba ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

Nikatega sikio. Nyuma yake hakuna kilio, hakuna watu. Televisheni tu, tangazo la sabuni, chaneli yetu.

"Girija, mdogo wangu, nisamehe. Hakusema atarudi?"

Hapo ndipo alipoanza kulia. Au alicheka — sijui, Mungu wangu, sijui. Simu ikafa. Nikapiga, nikapiga, haishikwi.

Dineshan begani pangu: "Kasema ameondoka? Andika."

Nikaitoa picha ya taji. Nikaandika jina lake. Neno linalofuata vidole vilikataa. Jina likaingia hewani peke yake, likapita, likarudi, likapita.

Nikachukua mwavuli, nikaenda nyumbani. Sikumwambia mtu naenda nirudi.

Simu inaita tena, namba ya ofisi. Sijapokea. Saa saba na nusu usiku. Nalala.