Ute wa Macho ya Mama

Ipinda, Kyela
18 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Asifiwe,

Nimekukosea. Nimeanza na hilo kabla hata ya kukuamkia, maana najijua, nikianza na salamu barua itaishia kwenye salamu. Sasa, ugonile? Hali yako huko Moshi? Shemeji Ebenezer na watoto hawajambo? Sisi tupo. Mpunga tumeshavuna, mwingine bado uko uani unapepetwa, vumbi lake unalijua. Mke wangu Veronika anakohoa kidogo. Mama ni mzima mwili wote isipokuwa macho, na macho hayo ndiyo yamenifanya nishike kalamu. Kwenye simu ungenikatisha.

Wewe unafikiri mama hapokei simu zako kwa sababu ya mtandao. Mtandao upo. Amekukasirikia, na aliyemfanya akukasirikie ni mimi.

Unakumbuka ile chupa ya matone ya kulainisha macho uliyomtumia kwa basi baada ya Pasaka. Mama alikuwa anaifunga kwenye pindo la kitenge, anakwenda nayo mpaka kanisani. "Hii katuma Asifiwe wangu, anatibu macho ya watu." Akina mama wanaishika, wanaigeuza, wanamrudishia. Siku chupa ilipofika nilimpelekea mkungu wa ndizi na mbasa wawili wabichi kutoka ziwani. Hata hakugeuka. Akasema, "Weka hapo." Bati la nyumba yake nimebadilisha mimi. Weka hapo. Kumbe mtoto ni yule wa mbali, wa karibu ni mbeba mizigo. Iliniuma, mdogo wangu. Nilikuwa nikiiona tu ile chupa, natoka nje.

Halafu ukanipigia ukasema, "Kaka, mama akiamka na ute machoni, mfute wa nje tu. Ule wa ndani ya kope uacheni, una kazi yake." Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nilipokata simu nikamwambia mama kwamba wewe unataka akae na uchafu machoni.

Nikaanza kumfuta mimi. Kila asubuhi maji ya chumvi na ncha ya khanga, nauvuta ule ute kama uzi mpaka uishe. Mama anainua uso, ametulia, ananishukuru, "Ndaga, mwanangu, ndaga fijo." Hapo ndipo niliponasa. Asubuhi zile zilikuwa zangu peke yangu. Nilivyozidi kufuta ndivyo ute ulivyozidi kutoka, na ulivyozidi kutoka ndivyo alivyozidi kuniita. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Macho yakawa mekundu, jua hawezi kulitazama. Akaniuliza ni nini hiki. Nikasema, "Ni yale matone ya Asifiwe." Maneno yalinitoka tu, ila sikuyarudisha. Akaitupa chupa chooni. Akasema, "Mimi ndiyo nimekuwa wa kujaribia dawa?" Tangu hapo simu yako ikiita anaigeuza kifudifudi.

Wiki iliyopita nikampeleka hospitali, Kyela mjini. Kuna muuguzi wa macho pale anaitwa Oswald, kijana wa Songea. Akamwangalia kwa kitochi, akauliza, "Bibi, nani anakusafisha macho?" Mama akanishika mkono. "Huyu hapa. Hakuna anayenifuta kama huyu."

Asifiwe, neno hilo nimelisubiri miaka. Nimelipata pale, kijana wa watu ananitazama.

Akanivuta pembeni, mama asisikie. "Mzee, acha kabisa. Ule ute si uchafu. Una kitu kinaitwa musini. Kinanasa vumbi na vijidudu visilifikie jicho, halafu kinawatuliza askari wa mwili, kama vile kinawaambia, tulieni, hiki ni kivumbi tu. Ukiukwangua kila siku, askari wanaona kila kitu adui, wanaanza kulipiga jicho lenyewe. Na jicho likichokozwa linatoa ute mwingine, wewe unavuta tena."

Mimi mkulima wa kakao! Mtu akiosha ute wa kakao kabla ya kuivundika nitamfukuza shambani, maana bila ute ule haichachi vizuri. Macho ya mama yangu nikayaosha kama sufuria.

Oswald ametupa matone ya kulainisha, ya aina ileile uliyotuma wewe. Mama ameitambua chupa. Hataki kuisikia. "Hiyo ni ile ya Asifiwe. Nifute wewe tu, mwanangu." Kope zake sijazigusa tena, na sijamwambia kwa nini. Chupa imekaa kabatini, macho yanaendelea kumuuma, na hatakubali kutiwa mpaka aujue ukweli. Ukweli huo ninao mimi.

Na nisikufiche, hata sasa naandika wivu upo. Nikifikiria atakavyolitaja jina lako, natamani kuichana barua hii. Lakini macho ni ya mama, siyo yangu.

Msalimie sana shemeji Ebenezer, na Anitha mwambie mjomba wake anamkumbuka. Baba mdogo Nsajigwa anakusalimu, naye hajui lolote. Mungu ailinde mikono yako inayotibu macho ya wenzio.

Jumapili tarehe 29, tukitoka kanisani, nitamkalisha mama uani, Veronika na baba mdogo wakiwepo. Nitakupigia na kuweka sauti ya nje. Nitayasema yote haya, wewe ukisikia, na usinisaidie. Kisha Veronika ndiye atakayemtia matone, siyo mimi. Mama akisema ndaga, atakuwa anakuambia wewe. Mimi nitakuwa nimeshika simu tu, karibu na mdomo wake.

Ni mimi kaka yako akupendaye, wivu na yote,
Anyelwisye