Mume Wangu Aliiangusha Nyumba Yao, Nami Naenda Kuijenga

Mama Pudentienne,

Nasoma majibu yako gazetini, leo nami naomba msaada wako, ila kwanza unisikilize mpaka mwisho, maana mtaani kwetu Muhima hakuna tena anayenisikiliza. Mume wangu ni dereva wa pikapu, jina lake Usumani, nalitaja makusudi kwa sababu nimechoka kuficha. Mwezi uliopita alikuwa anapeleka mbao Ndera, akaichukua kona kwa kasi kama alivyozoea, gari likatoka barabarani, likateremka mpaka kwenye nyumba iliyo chini ya barabara, likavunja ukuta wa mbele na kuishia sebuleni. Alhamdulillahi hakufa mtu, lakini mtoto wa nyumba hiyo, Ingabire, alivunjika mkono, na bibi yake, mukecuru Mukankusi, yaani bikizee kama tunavyowaita kwa heshima, pamoja na mama wa mtoto, Donatille, wanalala jikoni nje, kwenye moshi, na mvua ndiyo hii imeanza.

Usumani hakuumia. Polisi walimhoji wakamwachia akisubiri kesi, na tangu hapo hajakanyaga Ndera. Kaka yake, shemeji Hakizimana, akaja akatukalisha, akasema, "Mtu yeyote wa nyumba hii asiende kule. Ukienda kutoa pole, umekiri kosa. Waachieni watu wa bima." Nikamuuliza, "Na mvua nayo tuiambie isubiri bima?" Akasema wanawake wa siku hizi hatuna adabu.

Kesho yake nikapanda basi nikaenda, nikawaambia mimi ni mke wa nani. Donatille akanitazama kuanzia kiatu mpaka kitambaa cha kichwa, akauliza, "Umekuja kuangalia?" Nikasema nimekuja kubeba. Akanipa ndoo. Basi tangu siku hiyo nafunga cherehani yangu mapema, naenda kuchota maji, nakanyaga udongo wa kufyatulia rukarakara, yale matofali yetu ya udongo na nyasi, na majirani waliokuwa wakinong'ona juu yangu sasa wananipokea ndoo, na ukuta umefika usawa wa dirisha.

Usumani aliposikia akasema, "Unaniaibisha. Ukirudi kule tena, ulale hukohuko." Nikarudi. Na sikulala huko, nililala kwangu, kitandani kwangu.

Linalonitesa ni hili. Juzi mukecuru akaniuliza, "Bwana yako iko wapi? Mbona haifiki?" Nikasema ana homa. Yule mama akainuka, akaingia jikoni humo anamolala, akapika uji wa mtama, akanijazia kwenye chupa ya chai, akasema, "Mpe, inywe ingali moto. Umwambie pole." Nikampelekea. Usumani akanywa nusu, ndipo nikamwambia umetoka kwa nani. Akaweka kikombe chini, akatoka nje, na mpaka leo hatusemeshani, na shemeji anasema nichague, ndoa au tope. Mama, kuacha siachi. Lakini nifanyeje?

Mke wa dereva, Muhima

*

Dada,

Hukuniandikia kuomba ruhusa. Umeshaamua, na uamuzi wako ni mzuri. Pole kwa uchovu na pole kwa kununiwa. Sasa kaa nikukaripie.

Kwa nini ulisema ana homa? Umemfanya mama aliyebomolewa nyumba awe muuguzi wa mwanamume mwenye afya yake. Unambebea mumeo matofali, unambebea na uongo? Matofali beba, hayo ni ya Mukankusi. Uongo ni wa Usumani, mrudishie mwenyewe.

Nenda leo umwambie mukecuru bila kuzunguka: "Mume wangu ni mzima. Anakuogopa." Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Wewe endelea kuchota maji.

Kisha kaa na Usumani, ninyi wawili tu, shemeji asiwepo. Mtu asiye na moyo angeumaliza ule uji. Mumeo anayo haya, na haya ikikosa pa kwenda hugeuka ukali. Usimpigie kelele. Mwambie siku utakayokwenda, na kwamba mtapitia kwanza kwa mkuu wa mudugudu, kiongozi wa kijiji chao, awasindikize, pasiwe na ugomvi wala maneno ya kusingiziwa. Ya mahakamani atayaeleza mahakamani. Mbele ya yule mama anatakiwa kusimama, kutaja jina lake, kusema pole, na kushika jembe. Akikataa, nenda peke yako kama ulivyozoea, usimsubiri mlangoni. Na huko kulala hukohuko, hebu! Nyumba ni yenu wawili. Anayeona aibu ndiye atafute pa kulala.

Donatille naye mwambie asitie sahihi karatasi yoyote, iwe ya shemeji yako au ya nani, kabla haijasomwa mbele ya mkuu wa mudugudu. Suala la bima alifuatilie mwenyewe, madai ni yake, asingoje kuhurumiwa.

Na msiirudishe nyumba vilevile ilivyokuwa. Kitanda cha mtoto kihamie chumba cha nyuma. Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, watu wakishamaliza kazi na kukaa kikao, ombeni kizuizi kwenye kona ile kabla gari jingine halijashuka. Wewe uwe wa kwanza kuinua mkono. Wakikuuliza mtu wa Muhima anatafuta nini kwenye kikao cha Ndera, usijieleze. Inua mkono tena.