Sufuria Nzito za Mjomba Maige

Jumatatu, 2 Juni 2025
Miguu inawaka. Shule ya Zagayu leo — sufuria kumi na tisa. Kila moja nakwangua masizi mpaka alumini ing'ae, naelekeza mashine, nasubiri sekunde sitini. Mionzi inaingia, kila aina ya madini inarudisha mionzi yake, kioo kinataja yaliyomo na kiasi chake. Wapishi wanaiita bunduki. Sina nguvu ya kuwasahihisha. Zote safi.
Binti yangu Elina leo kasema maneno manne tu. Miaka mitatu! Daktari anasema tusubiri.

Jumanne, 3 Juni
Shule ya Migato. Sufuria kubwa ya uji ina risasi, madini ya sumu! Sehemu elfu moja na mia mbili katika milioni. Mpishi, Nyamizi, anaisifia: nzito, haiunguzi uji, ya fundi Maige wa Bariadi.
Mjomba wangu. Ndiye aliyenilea.
Bosi Fredrick anataka ripoti Ijumaa, na jina la fundi.

Jumatano, 4 Juni
Nimerudi Migato. Labda mashine imekosea — nikaijaribu kwenye kipande cha kiwandani ambacho kiasi chake kinajulikana, iko sawa. Labda ni mchanga wanaosugulia. Nikakwangua tena, sehemu tatu. Ileile.
Nimechoka kutafuta kosa langu.
Nikamwambia Nyamizi asiipikie. Akauliza watoto wanywe nini basi, sufuria kubwa ni hiyo moja.

Alhamisi, 5 Juni
Kwa mjomba. Kanisalimu Kisukuma, akiniita mama: "Mwangaluka, mayu! Mbona umekonda hivi?" Nilitamani kugeuza njia.
Hakuficha kitu. Kanionyesha ndoo ya vichwa vya betri za magari, risasi tupu, anavitia tanurini pamoja na makopo ya soda. Makopo yanatoa sufuria nyepesi, na mteja wa hapa huinyanyua kwanza kabla ya kuitazama. Ikiwa nyepesi anairudisha chini. Alieleza kwa fahari, kama zamani akinifundisha kazi. Kaanza miaka mitano iliyopita.
Nikamwambia risasi inaingia kwenye uji, inadumaza akili za watoto.
Akauliza: "Hata kidogo namna hiyo?"
Hata kidogo namna hiyo, mjomba.
Akavimwaga vile vichwa chini. Akaniomba nisiandike jina lake, ataacha leo leo. Namwamini. Lakini zilizokwisha kuuzwa? Huruma imenijaa, na hasira pia.

Ijumaa, 6 Juni
Fredrick kapiga simu mara mbili. Nafasi ya jina la fundi kwenye ripoti bado tupu.
Asubuhi nakoroga uji wa Elina, mkono ukasimama. Sufuria hii! Mjomba aliileta Elina alipozaliwa, akanipa niinyanyue. Nzito hasa, nikamshukuru. Nimepima mkoa mzima, ya jikoni kwangu sijawahi.
Nimeumwaga uji. Nimekwangua mpaka ikang'aa. Elina nimemweka nje ya mlango, mbali na mashine. Naandika huku mashine inahesabu sekunde, mkono mmoja kwenye kitufe. Ishirini. Thelathini.
Yuko mlangoni na kikombe chake. "Uji," anasema. Neno hilo analitamka vizuri kuliko yote.
Hamsini na moja —