Ndoo ya Kwaluguru

Jumatano, Korogwe. Jua kali tangu asubuhi.

Nimeingia fainali ya Tuzo ya Bi Tunu. Kwa asiyemjua, ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza chumba cha habari katika televisheni yetu, na ndiye aliyenifundisha kazi kabla Mungu hajamchukua. Mama yangu ameshawatangazia watu wote wa kijiji chetu, Makuyuni. Kuna jirani ameahidi jogoo.

Sasa majaji wanataka picha ghafi, yaani kila nilichorekodi kabla ya kuhariri. Mwisho ni leo saa kumi jioni.

Na mimi nina siri.

Habari yangu ni ya shida ya maji Kwaluguru, kule Handeni. Picha iliyowaliza watu ni ya Mama Mwanaidi akikwangua maji kwenye shimo la mchangani, kopo kwa kopo, mpaka shimo linakauka na ndoo haijafika hata nusu.

Nilipofika ile ndoo ilikuwa imejaa. Kamera ilikuwa bado begani, nikaona nimekosa picha. Nikamwomba aimwage, arudie. Kwenye picha ghafi sauti yangu inasikika wazi: "Mwaga tu mama, uchote tena."

Bi Tunu alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa lolote. Alituambia, "Ukimwambia mtu arudie, hiyo si habari tena, ni maigizo." Halafu mimi ndiye ninayetaka kubeba tuzo yenye jina lake. Najionea aibu.

Kukata zile sekunde chache ni kazi ya dakika moja. Jumatatu nilizikata, nikazirudisha, nikazikata tena.

Jana nikapanda basi hadi Handeni, kisha bodaboda mpaka Kwaluguru. Nilijiambia naenda kumwomba Mama Mwanaidi radhi. Nilijidanganya. Nilitaka aseme haikuwa kitu, nikakate kwa amani.

Nikampa shikamoo, nikamweleza yote. Hakukasirika, hata mahindi hakuacha kupukuchua. Nikaanza kupumua. Ndipo akasema, taratibu kabisa:

"Nilidhani ndivyo kazi yenu ilivyo, mwanangu. Ila siku ile hatukupika."

Njia nzima ya kurudi dereva wa bodaboda alinipa pole, akidhani nimefiwa.

Leo saa tisa na nusu nimetuma picha zote, na sauti yangu imo. Sijisikii shujaa hata kidogo. Najua majaji wanaweza kunitoa, na mhariri wangu akanifukuza kazi.

Mama amepiga simu kuuliza avae kitenge kipi siku ya tuzo. Nimemwambia asubiri kwanza, na jogoo aachwe bandani.

Kesho narudi Kwaluguru, bila kamera. Nina ndoo ya kujaza.