Tunu Amegoma Kula

Baba Zuhura wangu,

Salamu zikufikie huko ulikolala. Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa mno. Nikikohoa, nasikia kikohozi changu chumba cha pili.

Nakuandikia habari za Tunu, ng'ombe wako. Wako, nasema, maana mimi ulinioa tu, yule ulimlea. Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka naye alfajiri kwenda minazini, miye nakuita uji unapoa, nawe unajibu, "Ngoja kwanza bi mkubwa ashibe"? Loo! Bi mkubwa ng'ombe, miye bi mdogo. Nilikuwa nanuna, ukicheka nami nacheka.

Ulipofariki nikakaa eda. Sikuweza kumtoa kwenda kuchunga, na mimba yake ilikwisha kuonekana. Majirani hawakuniacha, Mungu awalipe. Kila aliyekuja kunipa pole alipitia bandani na chochote: huyu machicha ya nazi, yule mashudu ya ufuta, mwingine pumba. "Sadaka ya marehemu," walisema. Kivinje nzima ilikuombea rehema kupitia tumbo la Tunu. Ningemkataza nani? Wewe ulisema mwenye mimba atembee, asilale kama mwari anayesubiri harusi. Lakini alinenepa mpaka mbavu hazionekani, watu wakamsifu, nami nikafurahi kwamba hujasahauliwa.

Eda ikaisha, Tunu akazaa salama, ndama jike. Haukupita muda akagoma kula. Maziwa yakapungua, akawa anasimama kichwa chini, pumzi yake inanuka utamu wa tunda lililoiva kupita kiasi. Bi Mwanaidi, jirani yetu, akasema ni jicho. Binti yako Zuhura akatuma salamu kutoka Mtama: "Mama, muuze kwa mchinjaji, uje ukae kwangu." Mchinjaji! Roho iliniruka. Nani mwingine humu anayeijua sauti yako?

Nikaenda bomani kumwita Bwana Mifugo. Alimnusa mdomo tu, akajua. "Alinenepa mno kabla ya kuzaa, mama," aliniambia. "Sasa maziwa yanamdai nguvu, naye hana hamu ya kula. Basi mwili unayeyusha mafuta yake mwenyewe. Yamejaa kwenye ini, na ini limeelemewa." Akaagiza tumnyweshe maji ya sukari guru kwa chupa, polepole asipaliwe, na majani mabichi kidogo kidogo. Hakuahidi kitu.

Nilimsikiliza huku nimejishika mbavu chini ya kanga. Miye pia sijala sawasawa tangu uende.

Bi Mwanaidi alishika kichwa, miye chupa. Sukari guru ikanimwagikia mpaka kifuani, inzi wakaniganda. Tunu alinitazama kwa macho mazito, nami nikamwambia, "Usinifanyie hivi na wewe." Nililia mbele ya Bi Mwanaidi bila haya.

Leo asubuhi nilikuwa peke yangu bandani. Tunu akatoa ulimi, akavuta jani mkononi mwangu. Akatafuna. Akavuta jingine. Nikakurupuka mbio mpaka mlangoni, nikaita kwa sauti yangu yote, "Baba Zuhura! Baba Zuhura, anakula!"

Kisha nikasimama pale, nikingoja uitikie.

Mkeo,
Mama Zuhura