Siku Niliyoendesha Baiskeli Yako

Mugoma, Septemba 1979

Mpendwa Baba Ernesta,

Sisi hatujambo. Mvua imeanza na mibuni yako imechanua. Jumamosi niliendesha baiskeli yako kutwa nzima, nikipita katikati ya mashamba yenye harufu ile uipendayo. Nilianguka mara mbili, wanawake wakanicheka.

Nilikuwa nakwenda kwa Nyandwi, mwenzako wa vitani, aliyerudi mwezi uliopita. Nikamwuliza, "Mume wangu yu hai?"

"Yu hai, shemeji. Yuko hospitalini Mwanza. Amekatwa mguu, anaona aibu kurudi."

Nililia kwa furaha hadi Nyandwi akashangaa.

Baba Ernesta, mimi sikuolewa na mguu. Kila jioni natandika upande wako wa kitanda. Rudi. Usiponijibu, nitakuja mwenyewe kukuchukua.

Mkeo akuwazaye,
Domisiana