Chokaa ya Mgodini

Chang'ombe, Jumanne jioni

Nami nilidhani ni zawadi! Bibi harusi wa wiki tatu akikuta gunia la chokaa mlangoni, afikirie nini? Nikapaka chumba chote, kikang'aa.

Hamisi wangu akarudi kazini, akaduwaa. "Mke wangu, umepaka nini?"

"Mapenzi yetu."

Kumbe ni chokaa ya majaribio, ya mgodi wa makaa ya mawe kule kusini. Kesho yeye na gunia walikuwa waondoke na lori la ofisi. Mvua ikipita kwenye kifusi cha mgodi, maji hutoka makali kama siki na kuingia mtoni, wanakochota watu wa kijiji kizima cha ujamaa. Chokaa huyapunguza ukali.

"Ofisi itanipa nyingine wiki ijayo," alisema akicheka. "Lori litaniacha."

Wiki nzima zaidi na mume wangu! Nilikuna nazi huku naimba. Kisha, mjinga mie, nikauliza kama huko mvua imeanza.

"Tangu juzi."

Nikamtajia muuza chokaa wa Buguruni, anayefungua alfajiri. Ningeweza kunyamaza. Nguo zake nimeshazifunga. Lori linaondoka saa mbili asubuhi.